Kopo la Iliki Lilikuwa Wazi

Mama Makopo aliuamini ulimi wa mumewe kuliko mizani ya dukani. Kila asubuhi ya Mungu, kabla fundi huyo hajaingia kwenye ovaroli lake lenye madoa ya rangi na kwenda kupaka kuta za watu, aliwekewa bakuli la uji wa oti mezani. Alivuta kijiko kimoja, akafumba macho kama hakimu anayepima ushahidi, kisha akatoa hukumu. "Leo mdalasini umekaa." Au siku nyingine: "Karafuu bado ina aibu, iongeze kidogo." Na mkewe, ambaye kwa mambo mengine alibishana naye mpaka majirani wakapunguza sauti za redio wasikie vizuri, kwa hilo hakubisha. Aliongeza.

Hao majirani ndio waliompa jina la Mama Makopo, kwa sababu ya makopo yaliyojipanga kwenye meza yake ya jikoni: mdalasini, iliki, karafuu, tangawizi kavu, kungumanga, kila moja na kifuniko chake. Kutokana na hayo alikuwa ametunga mchanganyiko wake. Oti kavu, viungo vilivyotwangwa, chumvi ya kuonjea, basi. Asubuhi unachota kwenye kikombe, unamwagia maziwa ya moto, unafunika. Unafunga kamba za viatu, unatafuta funguo, unagombana na mtu kuhusu funguo, ukirudi mezani uji umeiva. Aliubuni kwa ajili ya watu wanaotoka nyumbani wakikimbia, na kwa kweli ulikuwa ubunifu mzuri. Mtu asije akamnyima haki yake kwa yale yaliyotokea baadaye.

Kazi yake ya siku zote ilikuwa kupiga pasi nguo za watu katika chumba cha nyuma, amesimama tangu asubuhi hadi kiuno kinamsema. Lakini mwezi uliopita alikuwa amepeleka kopo moja la mchanganyiko wake kwa mama mmoja mwenye mwili na sauti yake, msimamizi wa jiko la hosteli ya wauguzi, ambaye watu wote walimwita Madamu. Wauguzi wa zamu ya alfajiri walikuwa wanatoka na njaa, na Madamu alikuwa anatafuta kitu cha haraka cha kuwatia tumboni. Sasa alikuwa ametuma salamu kwamba angekuja mwenyewe. Akikubali, pasi ingepumzika. Akikataa, Mama Makopo alijua kabisa hakuna mlango mwingine wa kubisha, maana mlango huu wenyewe aliubisha kwa roho mkononi.

Alikuwa na mtu mmoja tu nyumbani asiyeupenda uji huo, naye ni mama mkwe wake. Bibi huyo alikunywa chai yake kavu pembeni na hakugusa bakuli. "Mimi nina koo moja tu," alisema, "nalitunza." Mama Makopo alikuwa akitabasamu kwa meno ya mbele na kumeza mengine. Mama mkwe gani duniani aliyewahi kusifu chakula cha mke wa mwanawe? Hata jirani wa ukuta wa pili, aliyenunua kopo moja na asirudi kununua la pili, Mama Makopo alikuwa amempatia udhuru mwenyewe: hali ngumu, maisha yamepanda. Alikuwa na jibu kwa kila mtu, na jibu lenyewe lilikuwa limekaa mezani na ovaroli lake, linalamba kijiko.

Asubuhi ya ugeni aliamka mapema, akatwanga viungo vipya kwenye kinu kidogo cha shaba, akakifunika kwa sahani na kukiweka dirishani. Yeye hutia viungo mwisho, moto ukishazimwa, ili harufu isije ikapotelea kwenye mvuke. Akabandika maziwa, akatia oti, akaponda tende kidogo kwa ajili ya utamu, uji ukapata rangi yake ya kahawia. Hapo simu ikaita.

"Mama, mimi niko njiani," ilisema sauti ya Madamu. "Nimewahi. Nikichelewa hapa sitapata nafasi tena wiki hii."

"Karibu sana Madamu, karibu, hapa ni kwako," alisema Mama Makopo, na simu ilipokatika alijikuta amesimama katikati ya jiko, hajui mkono uanze na nini. Akazima moto. Akafuta meza iliyokuwa safi. Akabadilisha kitenge, akarudia kile cha kwanza. Akachota bakuli la kwanza na kumwekea mumewe mbele.

"Haraka, Fundi. Yuko njiani. Niambie ukweli, usinipambe."

Fundi aliutazama uji, akatupa jicho mezani, akavuta kijiko. Macho yakafumba. Hukumu ikasubiriwa.

"Ah," alisema. "Leo iliki imekubali. Imekuja mbele, mdalasini umekaa nyuma yake. Karafuu ndiyo ingeongezwa kidogo tu. Lakini huyu mama leo haondoki bila kukupa kazi, nakwambia."

Mama Makopo alishusha pumzi. Akageuka kuchukua sahani ya kufunikia sufuria, ile iliyokuwa dirishani. Chini ya sahani kilikuwepo kinu. Ndani ya kinu zilikuwemo iliki, mdalasini, karafuu, tangawizi na kungumanga, zimetwangwa, zimelala, hazijaguswa na mtu.

Alisimama pale na sahani mkononi. Kwanza alidhani ametwanga mara mbili. Kisha akachovya kidole ndani ya sufuria na kukilamba. Maziwa, tende, chumvi. Hakuna iliki iliyokubali wala iliyokataa. Akachovya tena, maana mtu akipigwa na butwaa hurudia jambo kama mjinga, na mara ya pili uji ulikuwa vile vile.

Akamgeukia mumewe. Alikuwa anaendelea kula, ametulia, mkono wa pili unatafuta kofia. Mbele yake mezani makopo yalikuwa yamepangwa kama kawaida, yote yamefunikwa isipokuwa moja. Kopo la iliki lilikuwa wazi. Yeye mwenyewe alikuwa amelisahau hivyo wakati wa kutwanga.

"Fundi," alisema. Sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu wa nyumba ya tatu. "Fumba macho."

"Tutachelewa, mke wangu."

"Fumba, nimesema."

Akafumba, anacheka kidogo, akidhani kuna zawadi. Mama Makopo aliangaza jikoni. Juu ya kabati kulikuwa na kipande cha samaki mkavu wa mama mkwe, kimefungwa kwenye karatasi, kile ambacho kikifunguliwa tu paka wa mtaa mzima hufanya kikao mlangoni. Akakifungua. Akakipeleka chini ya pua ya mumewe, karibu mpaka masharubu yakakigusa.

"Hiki nini?"

Fundi alivuta pumzi ndefu, kwa ufundi wote.

"Mdalasini," alisema.

Alipofumbua macho, samaki alikuwa anamtazama. Kicheko kilimtoka usoni kipande kipande. Aliweka kijiko chini, akakilaza vizuri kando ya bakuli, akawa kama mtu aliyefumaniwa. Na Mama Makopo naye akavuta kiti na kukaa. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililomtisha mumewe zaidi.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ngazi."

Ngazi hiyo aliijua. Fundi alikuwa anapaka dari la ukumbi wa shule, ngazi ikateleza, akaangukia kisogo. Alilala hospitali siku nyingi, kichwa kimefungwa, chakula hataki. Mama Makopo alikuwa akikaa kando ya kitanda na kitenge kile kile, macho yamevimba kwa kulia, hana hali. Ndipo akatunga uji huu, kabla haujawa mchanganyiko wa kopo. Aliupika alfajiri, akautia viungo vyote alivyokuwa navyo, akaubeba kwenye chupa ya chai mpaka wodini, akamlisha.

"Nilipoonja sikupata kitu," alisema Fundi. Alikuwa anaongea na bakuli. "Nilidhani ni dawa zao. Wewe ukaniuliza, tamu? Nikakutazama. Ulikuwa umekonda, macho mekundu. Nikasema tamu. Ukacheka. Tangu nianguke ulikuwa hujacheka. Sasa ningerudi nyuma vipi? Daktari alisema huenda pua itarudi. Nikawa nasubiri irudi, nisilazimike kukwambia."

"Na ikarudi?"

"Si umeona samaki."

Mama Makopo alimtazama mtu huyu aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo, akaona kama mgeni amekaa kwenye kiti cha mumewe. Mambo yakaanza kumrudia yenyewe, bila kuitwa. Siku ile maharage yaliungua mpaka sufuria ikatoboka, Fundi amekaa hatua mbili kutoka jikoni anasoma gazeti, mkewe akamwita mvivu mbele ya watu. Marashi aliyojipaka siku ya harusi ya binamu yake, Fundi akasema yanamkumbusha ujana wao. Yalimkumbusha nini, kwa pua gani? Alitaka kulia na alitaka kumpiga na kile kipande cha samaki, na vyote viwili vilikuja kwa pamoja, kwa hiyo hakufanya hata kimoja.

"Ulikuwa unajuaje?" aliuliza. "Ulikuwa unataja kiungo kwa jina."

"Naangalia makopo. Ulilolifungua mwisho husahau kulifunika." Akasita. "Na kuna vitu nasikia. Si harufu. Tangawizi inaniunguza. Karafuu inanitia ganzi ulimini kidogo. Hivyo navisikia, ni kama mtu anabisha hodi kwa mbali. Ndiyo maana nilikuwa nasema ongeza."

Hapo Mama Makopo akaelewa. Ongeza karafuu. Bado ina aibu. Ongeza tangawizi, haijafika. Asubuhi baada ya asubuhi alikuwa ameongeza, kidogo na kidogo tena, mpaka mkono ukazoea, na ulimi wake mwenyewe ukazoea kwa kuonja kila siku. Mchanganyiko wake wote ulikuwa umepikwa kwa kipimo cha mtu asiyenusa. Na kopo lililokwenda kwa Madamu mwezi uliopita lilikuwa la kipimo hicho hicho.

Mlango wa chumba cha pili ulifunguka. Mama mkwe alitoka na kikombe chake kitupu, akamtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, akaona samaki wake mezani.

"Nani kafungua samaki wangu?"

"Mama," alisema Mama Makopo, "uji wangu ukoje?"

Bibi aliweka kikombe chini. Aliuona uso wa mkwewe na akaelewa kwamba leo si siku ya mzaha.

"Niseme, halafu mniambie nina gere?"

"Sema, Mama. Nakuomba."

"Unaunguza, mwanangu. Zamani ulikuwa mzuri, ule wa hospitali niliumaliza mimi, huyu hakuumaliza. Lakini siku moja niliuonja kwa siri, ulimi ukafa mpaka adhuhuri. Karafuu ile ni ya kukaushia jino bovu, si ya kunywea. Nimesema na koo langu mpaka nimechoka, wewe unacheka na mumeo anayekuvika kilemba cha ukoka."

Mama Makopo alifunika uso kwa viganja. Mtu pekee ndani ya nyumba aliyekuwa anamwambia kweli ndiye aliyemwona adui, na aliyemwona mwamuzi alikuwa anasoma vifuniko vya makopo. Ukimwambia mtu jambo hilo kwa utani atakucheka. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Kisha akainuka, maana Madamu alikuwa njiani, na machozi hayapiki.

"Mama, njoo hapa. Onja. Mimi ulimi wangu siuamini tena."

Alimwaga kinu kizima kwenye karatasi, akatenga mdalasini na iliki mpya, akavitwanga upya. Bibi alivuta kiti mpaka karibu na jiko, akafunga khanga kiunoni kama mtu anayeingia vitani. Mdalasini ukaingia. "Tia tena," alisema bibi, "huo hauna ubaya." Iliki ikafuata. Kungumanga ikakwanguliwa kidogo kwa kisu. Tangawizi, ncha ya kijiko. Mama Makopo alinyoosha mkono kwenye kopo la karafuu, kwa mazoea, na bibi akampiga kofi dogo kiganjani.

"Moja. Isagwe, igawane sufuria nzima."

Fundi alisimama mlangoni, kofia mkononi, hajui aende kazini au abaki. Bibi alivuta kijiko, akauzungusha uji mdomoni. Kisha akachukua bakuli, akajichotea la kwake, akaanza kula. Ilikuwa mara ya kwanza Mama Makopo kumwona akila chakula hicho tangu zamani za wodini.

Hodi ikapigwa.

Madamu aliingia na mkoba mkubwa kwapani. Alikaa, akakataa chai, akalitazama bakuli lililowekwa mbele yake bila kuligusa.

"Nikwambie jambo kabla sijala," alisema. "Mimi sipendi kumzungusha mtu. Leo nimekuja kukwambia hapana."

Bibi aliacha kutafuna.

"Kopo lako nililipikia wauguzi wangu. Mmoja alinifuata akaniuliza kama kuna ganzi ya meno ndani. Mwingine alikunywa maji jagi zima. Nikasema, huyu mama kahangaika, si vizuri kumkatalia kwa simu, nitapita mwenyewe nimwambie kwa mdomo. Sasa nimepita."

Mama Makopo alikuwa ameshapoteza kazi hiyo tangu mwezi uliopita, na mwezi mzima alikuwa anapiga pasi huku anaimba. Alitaka kusema yalikuwa makosa ya mume wake. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Akamwona Fundi pale mlangoni, kofia ameikunja mpaka imekuwa kitambaa, anasubiri kutajwa.

"Ni kweli, Madamu," alisema. "Ulikuwa mkali. Nilikosea kipimo. Huu ni mwingine, wa leo. Onja kijiko kimoja tu, kisha uniambie hapana yako. Nitaipokea."

Madamu aliguna. Akachota, kwa ncha, kwa tahadhari ya mtu aliyewahi kuungua. Akatulia. Akachota kijiko kamili. Kisha akasogeza kiti karibu na meza, jambo ambalo mtu anayeaga hafanyi, na hakusema neno mpaka kitako cha bakuli kikaonekana.

"Huu ni mkono wa nani?"

"Wangu," alisema Mama Makopo. "Na wa mama yangu huyu hapa."

Bibi alijifanya anatafuta kitu sakafuni. Hakuwahi kuitwa hivyo mbele ya mgeni.

"Niletee makopo mawili ya huu huu," alisema Madamu, akiinuka na mkoba wake. "Huu huu, umenisikia? Siwaambii wauguzi ni wako mpaka wameula. Wakinyamaza kama nilivyonyamaza mimi, tutaongea kazi."

Si ndiyo kamili, lakini haikuwa hapana. Alipoondoka, Mama Makopo aliegemea ukuta kama mtu aliyekoswa na gari. Bibi akachukua samaki wake, akamfunga upya kwenye karatasi, akarudi chumbani na bakuli la pili bila kuomba ruhusa.

Wakabaki wawili.

"Ungenitaja," alisema Fundi. "Ningestahili."

"Nilitaka."

"Umenisamehe?"

"Sijafika huko. Nina hasira na wewe mpaka kwenye kucha. Keti."

Akaketi. Mama Makopo alichota uji uliobaki sufuriani, akauweka kwenye bakuli lake la siku zote. Akachukua ile karatasi ya viungo alivyovimwaga kutoka kinuni, vilivyojaa karafuu na tangawizi, akamwagia juu, kijiko kizima, cha pili, kiasi cha kumfukuza mtu mwenye pua timamu mtaa wa tatu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akayafunika makopo yote, moja moja, akayageuza, maandishi yakatazama ukuta.

"Hili ni la kwako peke yako," alisema. "Kula."

Fundi alivuta kijiko. Macho yalimtoka machozi papo hapo, akakohoa, akameza. Mkewe alikuwa amesimama juu yake, mikono imekunjwa, anamtazama usoni kama alivyomtazama siku ile wodini.

"Tamu?" aliuliza.

Mdomo wa Fundi ulifunguka. Neno lilikuwa pale, limezoea njia, lilishakwisha kufika kwenye meno. Akaufunga mdomo. Akatazama makopo yaliyofunikwa, akatazama bakuli, akamtazama mkewe.

"Unaniunguza hapa," alisema, akigusa ulimi. "Na hapa." Akagusa koo. "Una joto. Mengine sijui, mke wangu. Sijui kama ni mtamu. Sijawahi kujua."

Mama Makopo alivuta kiti cha pili, akakaa kando yake, akachukua kijiko kutoka mkononi mwake na kuonja bakuli hilo. Ulimi ulikufa pale pale. Akakohoa mpaka machozi yakamshuka, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akaacha yashuke.

"Mbaya kabisa," alisema.

Akamrudishia kijiko.